Mpaka Lini? Mwongozo wa Kusoma na Kuandika Masharti ya Malipo kwa Watu wa Kazi wa Mtwara

Kaa Shangani siku yoyote ya msimu wa korosho, usikilize watu wanavyozungumza juu ya fedha. Neno moja litajirudia. Utalipwa, lakini mpaka mnada upite. Mpaka benki iingize. Mpaka uhakiki uishe. Mpaka tajiri arudi kutoka Dar es Salaam. Karani wa chama cha msingi analisikia neno hilo, dereva wa lori analisikia, mvuvi aliyeshusha pweza pale Feri analisikia, na mama wa kikundi cha kubangua korosho analisikia.

Kiswahili kimelipa neno hilo maana mbili. Mpaka ni hadi. Mpaka pia ni ukomo, kama ule wa Mto Ruvuma unaotutenga na ndugu zetu wa Msumbiji. Sharti la malipo lililoandikwa vizuri hubeba maana zote mbili: hutaja jambo linalosubiriwa, na hutaja siku ambayo kusubiri kutakoma. Sharti lenye maana ya kwanza peke yake ndilo linalowafilisi watu. Mwongozo huu umeandikwa ili kulisema jambo hilo moja, na kuonyesha namna ya kulitekeleza kwa kalamu kabla mzigo haujatoka mikononi mwako.

1. Mwongozo huu ni wa nani

Umeandikwa kwa viongozi na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), wasafirishaji na madereva, wavuvi na wanunuzi wa samaki, vikundi vya kubangua korosho, wauzaji wa magunia na pembejeo, na wafanyabiashara wadogo wanaosaini mikataba iliyokwisha kuandikwa na upande mwingine. Unawahusu pia wanaolipa. Anayelipa naye ana haki ya kuweka sharti, kwa sababu hakuna anayetaka kulipia mzigo asiouona au kazi isiyokwisha. Mkataba wa haki humlinda kila mmoja kwa wakati wake.

Mwongozo hauchukui nafasi ya wakili. Kazi yake ni kukufanya uijue karatasi iliyo mbele yako kiasi cha kuuliza maswali yanayostahili, na kujua ni wakati gani wakili anahitajika kweli.

2. Sharti la malipo ni nini

Sharti la malipo ni maneno katika mkataba yanayofunga wajibu wa kulipa kwenye tukio fulani. Yapo ya aina mbili kubwa, na ni muhimu kuzitenganisha.

Aina ya kwanza ni sharti la kutangulia. Hapa deni lenyewe halijaiva mpaka tukio litokee. Msafirishaji aliyekubali kulipwa baada ya kuleta hati ya mapokezi yenye muhuri wa ghala hawezi kudai nauli akiwa bado njiani Tandahimba. Akifika, akipima, akagongewa muhuri, deni limeiva.

Aina ya pili ni sharti la kusimamisha. Hapa kazi imefanyika na deni lipo, lakini mlipaji ameruhusiwa na mkataba kuzuia fedha kwa muda ambao upande wa pili una kasoro: leseni yake imekwisha, anadaiwa mahali, anachunguzwa, au amefilisika. Aina hii ndiyo yenye hatari zaidi. Mtu hujiona ana fedha kwenye daftari, kumbe fedha hiyo imefungiwa chumba ambacho ufunguo wake hajui uko kwa nani.

Kuna na jambo la tatu linalofanana na sharti lakini si sharti, nalo ni tarehe. Ukisema nitalipa tarehe 30 Novemba, hujaweka sharti lolote, kwa kuwa tarehe 30 itafika tu. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka tufike kwenye kauli inayotumika kuliko zote katika biashara yetu: “Nitakulipa nikilipwa.”

Itazame vizuri ile “-ki-” ya “nikilipwa”. Katika lugha yetu inaweza kumaanisha wakati: nitakulipa pale nitakapolipwa, na kulipwa nitalipwa tu. Inaweza pia kumaanisha shaka: nitakulipa iwapo nitalipwa, na nisipolipwa hunidai. Anayedai husikia maana ya kwanza. Anayedaiwa, siku mambo yakiharibika, hushikilia ya pili. Wote wawili wametumia neno lilelile na wote wawili wanaamini wanasema kweli. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni hii: katika karatasi ya malipo, usiiachie “-ki-” peke yake kazi ya kubeba fedha yako. Andika “siku 5 baada ya kulipwa, na kwa vyovyote vile si baada ya tarehe fulani, hata kama mnunuzi hajalipa.” Na kama mmekubaliana kweli kwamba hasara mtaibeba pamoja, liandikeni hilo waziwazi ili kila mmoja aingie akijua.

3. Sheria inasemaje

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu mikataba inayotegemea tukio la baadaye lisilo na uhakika. Msingi wake unaeleweka bila shahada. Mkataba wa namna hiyo hauwezi kudaiwa mpaka tukio litokee. Tukio likishindikana kabisa, mkataba unakuwa batili. Pale wahusika walipotaja muda, na muda ukaisha bila tukio kutokea, mkataba unaanguka.

Sheria hiyohiyo ina kanuni nyingine mbili za kukumbuka. Mosi, upande unaozuia utekelezaji wa upande wa pili hauwezi kunufaika kwa kizuizi chake; aliyezuiwa anaweza kujitoa na kudai fidia. Mnunuzi aliyeweka sharti la ukaguzi, kisha akakataa kumleta mkaguzi, hawezi kusema ukaguzi haujafanyika. Pili, pale ambapo mkataba haukutaja muda wa kutekeleza, sheria huangalia muda unaofaa kulingana na mazingira. Hiyo ni kinga, lakini ni kinga ya mahakamani: itabidi ubishane juu ya muda unaofaa ni upi, mbele ya hakimu, ukiwa umekwisha kusubiri. Tarehe iliyoandikwa ni nafuu kuliko wakili.

Kwa wengi wetu wa pwani hii, agizo la kuandika tarehe si geni wala halikuanzia serikalini. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inawaagiza waumini wanaokopeshana kwa muda maalumu waandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Zingatia kwamba deni linalozungumzwa hapo ni la muda maalumu, yaani ukomo wake unajulikana.

4. Ghala linavyotufundisha

Hakuna mahali Tanzania ambapo malipo ya masharti yamezoeleka kama kusini, kwa sababu korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho Mtwara katika msimu wa 2007/08.

Tuufuate mzigo. Mkulima anapima korosho chama cha msingi na kupewa risiti. Chama kinasafirisha mzigo mpaka ghala kuu. Mtunza ghala anapima tena, anaangalia daraja na unyevu, anatoa stakabadhi. Mzigo unaingia kwenye orodha ya mnada, wanunuzi wanaweka bei, wakulima wanakubali au wanakataa. Wakikubali, mnunuzi anatakiwa kulipa ndani ya siku zilizowekwa na mwongozo wa msimu. Fedha ikishaingia ndipo hutolewa kibali cha kutoa mzigo ghalani, na malipo hushuka kutoka chama kikuu hadi chama cha msingi hadi akaunti ya mkulima, baada ya makato.

Hesabu masharti hapo: uzito, daraja, mnada, ridhaa, malipo ya mnunuzi. Ni mengi, na bado mfumo una nguvu moja ambayo kila mfanyabiashara anapaswa kuiiga: muda wote wa kusubiri, mzigo unabaki ghalani. Mnunuzi asipolipa hana alichochukua. Linganisha na mali kauli, ambapo bidhaa hutangulia na fedha hufuata. Katika mali kauli, aliyetoa bidhaa anabaki na neno tu. Mali kauli imesomesha watoto wengi na kuanzisha maduka mengi, nami siibezi. Lakini anayeitoa ajue kwamba sharti la malipo yake halina ghala nyuma yake, basi liwe na maandishi.

Hata hivyo, ghala halitibu kila kitu. Miaka ya mwanzo mkulima alipewa malipo ya kwanza kutokana na mkopo wa benki uliodhaminiwa na stakabadhi, kisha malipo ya pili baada ya mauzo, na pengine majaliwa kama kuna ziada. Malipo ya pili yalikuwa malipo ya sharti: yalitegemea bei ya mnada na gharama zilizoingia katikati. Wengi hawakuelezwa hivyo. Waliyahesabu kama deni la uhakika. Aprili 2013, huko Liwale, wakulima waliona malipo ya pili ni pungufu mno kuliko walivyotarajia, na ghadhabu ikageuka vurugu, nyumba zikachomwa. Sharti lisiloelezwa mapema huonekana kama wizi siku linapotimia, hata pale ambapo hesabu ni safi.

5. Mafunzo ya misimu miwili, wetu na wa Lehman

Msimu wa 2018/19 uliifundisha Mtwara mengi. Wakulima waliikataa bei ya minada ya Oktoba, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi la Wananchi likasimamia kuzikusanya na kuzisafirisha. Malipo yakawekewa sharti la uhakiki: alipwe mwenye shamba, asilipwe mnunuzi wa kangomba aliyewapunja wakulima vijijini. Nia ya sharti hilo ilieleweka, maana kangomba ni dhuluma ya kweli. Lakini kwa mkulima aliyesubiri kwa miezi, maswali yalibaki: nani anahakiki, kwa ushahidi gani, na jibu litatoka lini? Ada ya shule ya Januari haisubiri uhakiki.

Katika msimu huohuo, tarehe 30 Januari 2019, ulisainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya tani 100,000 za korosho, wenye thamani ya takriban shilingi bilioni 418. Miezi ikapita bila malipo, na Mei 2019 serikali ikatangaza kuuvunja. Korosho zilibaki ghalani, basi mali haikupotea mikononi mwa mnunuzi. Kilichopotea ni muda, na korosho ghafi haina urafiki na muda. Funzo ni hili: sharti la malipo kabla ya mzigo hulinda mzigo, halilindi siku. Siku hulindwa na tarehe ya mwisho peke yake.

Sasa tutoke Mtwara kidogo, maana kosa hilohilo liliwahi kufanywa na watu wenye mawakili ghali kuliko wote duniani. Mabenki na makampuni yanayojikinga na mabadiliko ya riba na ya thamani ya sarafu hutumia mkataba mmoja wa kawaida ulioandaliwa na jumuiya yao iitwayo ISDA, iliyoanzishwa mwaka 1985. Matoleo yake yanayotumika zaidi ni ya 1992 na 2002. Ndani yake kuna kifungu cha 2(a)(iii), kinachosema kwa ufupi kwamba wajibu wangu wa kukulipa una sharti: wewe usiwe umevunja mkataba, na uvunjaji huo usiwe unaendelea. Kufilisika kunahesabiwa kuwa uvunjaji.

Septemba 15, 2008, benki ya Lehman Brothers ya New York ikaomba kinga ya ufilisi. Riba duniani zikaporomoka. Makampuni kadhaa yaliyokuwa na mikataba ya kubadilishana riba na kundi la Lehman yakajikuta ndiyo yanayodaiwa. Yangeweza kuvunja mkataba, lakini kuvunja kungeyalazimu kupiga hesabu ya mwisho na kulipa. Basi yakakaa kimya na kusema: wewe umefilisika, sharti halijatimia, sikulipi. Na kwa kuwa kufilisika hakuponi, kimya hicho kingeweza kudumu milele.

Mahakama zilitoa majibu mawili. New York, mwaka 2009, Jaji James Peck aliamua dhidi ya kampuni ya Metavante: huwezi kukaa na fedha bila kikomo, tekeleza au vunja. London, Aprili 2012, Mahakama ya Rufani katika shauri la Lomas dhidi ya JFB Firth Rixson iliusoma mkataba kama ulivyoandikwa: malipo yamesimama, hayajafutwa, na yataendelea kusimama mpaka kasoro iponywe, kwa kuwa mkataba haukuweka kikomo na mahakama haitaweka kwa niaba ya wahusika. Maneno yaleyale, miji miwili, majibu mawili. Mwaka 2014 ISDA yenyewe ilitoa maneno mapya ya kuongezwa kwenye kifungu hicho, ili kusimamisha malipo kuwe na mwisho. Kielelezo kikaweka siku 90 pale ambapo wahusika hawakutaja nyingine.

Iwapo mabenki ya dunia yalihitaji msiba wa 2008 kuongeza tarehe kwenye kifungu kimoja, sisi tusione aibu kuomba tarehe kwenye karatasi ya nauli ya lori.

6. Maswali matano ya kuuliza kila sharti

Kila unapokuta maneno kama iwapo, endapo, baada ya, kwa kutegemea, au mpaka, simama. Uliza yafuatayo, na usitoke kwenye kifungu hicho bila jibu lililoandikwa.

Kwanza, tukio ni lipi hasa? “Mambo yakikamilika” si tukio. “Mzigo kupokelewa na kupimwa ghala kuu” ni tukio.

Pili, nani anaamua kwamba limetokea? Kama mwamuzi ni mlipaji mwenyewe, sharti liko mfukoni mwake. Tafuta mtu wa tatu: mtunza ghala, mkaguzi wa ubora, benki.

Tatu, ushahidi ni karatasi ipi? Taja jina la hati: stakabadhi, hati ya uzito, risiti ya mizani, taarifa ya benki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sharti bila hati hupotea vivyo hivyo.

Nne, wakati wa kusubiri mali iko kwa nani? Kama iko kwako au ghalani, unaweza kuvumilia. Kama imekwisha kuondoka, punguza siku za kusubiri au omba malipo ya awali.

Tano, mpaka lini, na baada ya hapo nini? Swali hili lina sehemu mbili na zote ni za lazima. Tarehe isiyo na matokeo ni pambo. Ikifika siku ya mwisho na tukio halijatokea, ama malipo yatolewe, ama mali irudi, ama mkataba uishe na kila mmoja apewe chake.

7. Vielelezo vya maneno

Msafirishaji na chama cha msingi. Maneno tunayoyakuta mara nyingi ni: “Msafirishaji atalipwa baada ya chama kulipwa na mnunuzi.” Hapo dereva amefanywa mdhamini wa mnada asiohusika nao. Tuseme nauli ni shilingi 6,000,000 na mwenye lori amekopa mafuta na matairi ya thamani hiyohiyo kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kila mwezi wa kusubiri unakula 120,000. Miezi 5 imekula 600,000, yaani sehemu moja ya kumi ya kazi yote. Andika hivi:

“Nusu ya nauli italipwa ndani ya siku 3 za kazi tangu ghala kutoa hati ya uzito. Nusu iliyobaki italipwa ndani ya siku 5 za kazi tangu chama kupokea fedha za mnada, na kwa vyovyote vile si zaidi ya siku 45 tangu tarehe ya hati ya uzito, hata kama fedha za mnada hazijapokelewa.”

Maneno hayo yanakiheshimu chama, kwani nusu ya fedha inasubiri mnada. Yanamheshimu pia msafirishaji, kwani kusubiri kuna ukingo.

Mvuvi na tajiri wa samaki. Hapa mara nyingi hakuna karatasi kabisa. Kuna simu na sauti. Usidharau simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua taarifa za kielektroniki kama ushahidi. Baada ya kupima, tuma ujumbe: “Nimekukabidhi leo kilo 85 za pweza kwa bei tuliyokubaliana. Utanilipa ukishauza, na si zaidi ya Ijumaa ijayo, umeuza au hujauza. Nijibu kama ni sawa.” Jibu la “sawa” ni kama sahihi yake. Tajiri mwenye nia njema hataliona ni tusi; litamsaidia yeye pia kukumbuka anadaiwa na nani na kiasi gani.

Kikundi cha kubangua na mnunuzi. Sharti la kawaida ni ubora: “Malipo yatafanyika mnunuzi akiridhika na ubora.” Kuridhika hakuna mizani. Andika hivi:

“Mnunuzi atakagua shehena ndani ya siku 3 za kazi tangu kuipokea, kwa kutumia sampuli iliyofungwa na kusainiwa na pande zote mbili. Asipotoa taarifa ya maandishi ya kasoro ndani ya siku hizo, shehena itahesabiwa imekubaliwa, na malipo yote yatadaiwa siku ya 7 tangu kupokea. Kasoro ikiwa ya sehemu, mifuko isiyo na kasoro italipwa kwa wakati wake.”

Sentensi ya mwisho ina thamani kubwa. Bila hiyo, mifuko 2 yenye vipande vingi inaweza kuzuia fedha ya mifuko 40 ya korosho nzima.

Muuzaji nje na benki. Anayepokea dola na kulipa kwa shilingi anaweza kuletewa mkataba wa aina ya ISDA ili ajikinge na kupanda na kushuka kwa sarafu. Haya si ya kusaini dirishani. Mwulize ofisa wa benki mambo mawili: je, kifungu cha 2(a)(iii) kimewekewa kikomo katika jedwali la mkataba wetu? Na ni mambo gani yanayohesabiwa kuwa uvunjaji kwa upande wangu, hata yale madogo kama kuchelewesha hesabu za mwaka? Majibu yakupeleke kwa wakili kabla ya kalamu.

8. Malipo yakikwama

Anza kwa barua, hata kama mnajuana tangu utotoni. Taja kifungu, taja tukio, ambatanisha ushahidi kwamba limetokea, na toa siku za kujibu. Kama tukio halijatokea, uliza kwa maandishi limekwama wapi na nani analishughulikia. Mlipaji anayejibu kwa maandishi bila kulikana deni amekupa ushahidi kwamba lipo. Anayekataa kujibu naye amekupa ushahidi wa aina yake.

Kwa mambo ya ushirika, nenda kwa Afisa Ushirika wa wilaya, kisha ofisi ya Mrajis wa Vyama vya Ushirika mkoani. Kwa upungufu wa uzito au ubora ndani ya ghala lenye leseni, mamlaka ni Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Kwa mwenendo wa wanunuzi wa korosho, Bodi ya Korosho Tanzania ina makao yake makuu hapahapa Mtwara. Kama mkataba umetaja usuluhishi, fuata njia hiyo kwanza.

Mahakama ni ya mwisho, lakini usiiogope. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na kumbuka kwamba madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ikihesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Hapo napo sharti lisilo na tarehe hukudhuru mara ya pili, kwa kuwa mtabishana hata juu ya siku ya kuanza kuhesabu.

9. Kabla ya kusaini

Omba mkataba kwa Kiswahili. Ukiwa kwa lugha mbili, uandikwe ni lugha ipi itakayofuatwa pakitokea tofauti.

Soma vifungu vya malipo mara mbili, na umsomee mtu wa pili kwa sauti. Sharti baya husikika likisomwa kwa sauti.

Pigia mstari kila iwapo, endapo, baada ya, na mpaka, kisha weka majibu ya maswali matano pembeni mwa kila mstari.

Hakikisha kiongozi anayesaini kwa niaba ya chama amewasomea wanachama masharti hayo kwenye mkutano, na muhtasari umeandikwa. Liwale iwe funzo la kudumu.

Baki na nakala yenye sahihi zote. Picha ya simu ni bora kuliko kumbukumbu. Nakala ya karatasi ni bora kuliko picha.

Na ukiambiwa, kama utakavyoambiwa, “Tuaminiane tu, hayo ya tarehe hayana haja,” jibu kwa upole kwamba tarehe ndiyo inayotufanya tuendelee kuaminiana. Wavuvi wa ghuba yetu huulizana maji yatajaa saa ngapi kabla ya kusukuma chombo, na hakuna anayewaona hawaiamini bahari. Ukisikia “mpaka”, uliza mpaka lini, na jibu liandikwe kalamu ikiwa bado iko mkononi mwako.